Kompyuta Kutengeneza Programu Zenye Hitilafu

Katika kata ya Katubuka, Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Kigoma. Abiria wa hapo anaposoma katika tiketi yake maandishi 19:00, huyafasiri papo hapo kuwa ni saa moja usiku. Haandiki hesabu yoyote. Anajua tangu utotoni kwamba saa za Kiswahili huhesabiwa tangu asubuhi na tangu magharibi, ilhali saa za kimataifa huhesabiwa tangu usiku wa manane, na kwamba tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita. Lakini kompyuta haina utoto wala mazoea. Lolote isiloambiwa hailijui, na lolote iliyoambiwa vibaya italitekeleza vibaya, tena upesi na bila kuona haya.

Katika miaka ya karibuni wanasayansi wamejaribu kuifanya kompyuta yenyewe iwe fundi wa programu zenye hitilafu: itafute kosa, itunge rekebisho na kulithibitisha, pasipo mtu kuandika mstari hata mmoja wa rekebisho hilo. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, mafanikio yake, na mahali inapogota. Mfano utakaotumika ni ule wa tiketi, kwa kuwa ni mdogo kiasi cha kuweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi.

Hitilafu ijifichayo hadi usiku

Ichukuliwe kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu wamepewa kazi ya kuandika programu ya kugeuza saa ya kimataifa kuwa saa ya Kiswahili. Saa ya kimataifa inayoingia iitwe K, nayo ni namba kamili kuanzia 0 hadi 23. Jibu linalotoka, yaani saa ya Kiswahili, liitwe W. Wanafunzi wanaandika mistari miwili:

Mstari wa 1: Ikiwa K ni kubwa kuliko 6, basi W = K − 6.
Mstari wa 2: Vinginevyo, W = K + 6.

Wanaijaribu programu yao. Saa 8 asubuhi ya kimataifa inatoa saa 2, nayo ni sahihi. Saa 12 ya adhuhuri inatoa saa 6, sahihi. Saa 15 inatoa saa 9, sahihi pia. Wanafurahi na kuikabidhi kazi. Lakini jua likichwa, tiketi ya 19:00 inatoka ikiwa imeandikwa saa 13, na ile ya 22:00 inatoka ikiwa imeandikwa saa 16. Saa hizo hazimo katika hesabu ya Mswahili yeyote.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Majaribio matatu ya wanafunzi yalikuwa sahihi yote, na programu ilikuwa mbovu. Mtaalamu wa Uholanzi Edsger Dijkstra alionya tangu mwisho wa miaka ya 1960 kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa hitilafu ipo, lakini hayawezi kuonyesha kuwa haipo. Katika mfano huu ingewezekana kujaribu saa zote 24 na kumaliza shaka. Katika programu za kweli haiwezekani. Programu inayopokea namba mbili tu, kila moja ya biti 32, ina jozi zinazokaribia bilioni 18 mara bilioni moja. Mashine inayojaribu jozi bilioni moja kwa kila sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 580 kuzimaliza.

Mkataba baina ya mtu na mashine

Kabla fundi yeyote hajaanza kazi, ni sharti ajue kinachotakiwa. Katika mwalo wa Kibirizi, ng'ambo kidogo ya mji wa Kigoma, mtu anayeshona wavu wa dagaa uliochanika hatazami tundu peke yake. Anatazama pia ukubwa wa macho ya wavu mzima. Akiziba kwa macho makubwa mno, dagaa watapita. Akiziba kwa macho madogo mno, atanasa vifaranga ambavyo vingepaswa kuachwa vikue. Tundu limezibwa katika hali zote mbili, lakini wavu haujatengenezwa.

Kwa programu, ukubwa wa macho ya wavu huelezwa kwa kitu kiitwacho maelezo rasmi ya kazi. Haya ni masharti yaliyoandikwa kwa lugha ya hisabati na mantiki, yanayosema jibu linapaswa kuwa na sifa gani bila kusema lipatikane kwa njia ipi. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Uingereza Tony Hoare, aliyekuwa akifundisha Belfast, alichapisha utaratibu wa kuyaandika masharti hayo kwa sehemu mbili: sharti la kabla, yaani hali ambayo lazima iwepo programu inapoanza, na sharti la baada, yaani hali ambayo programu inaahidi kuiacha inapomaliza. Katika miaka ya 1980 Mfaransa Bertrand Meyer aliunda lugha ya programu iitwayo Eiffel, ambamo masharti hayo huandikwa ndani ya programu yenyewe. Aliyaita mkataba, kwa sababu kila upande una haki yake na wajibu wake.

Mkataba wa programu ya tiketi unaweza kuandikwa hivi:

Sharti la kabla: K ni namba kamili kuanzia 0 hadi 23.
Sharti la baada la kwanza: W ni namba kamili kuanzia 1 hadi 12.
Sharti la baada la pili: K − W − 6 hugawanyika kwa 12 bila kubakiza kitu.

Msomaji na ajaribu sharti la pili kwa saa anazozijua. Saa 7 ya kimataifa ni saa 1: 7 − 1 − 6 ni sifuri. Saa 6 ni saa 12: 6 − 12 − 6 ni hasi 12. Saa 19 ni saa 1: 19 − 1 − 6 ni 12. Namba zote tatu hugawanyika kwa 12. Sharti hili fupi limebeba yale yote ambayo mtoto wa Ujiji huyajua kuhusu saa pasipo kuambiwa.

Jinsi kiraka kinavyopatikana

Mashine ikishapewa programu mbovu pamoja na mkataba, hufanya kazi kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kutafuta ushahidi wa kosa. Mashine huendesha programu kwa namba mbalimbali na kuyalinganisha majibu na mkataba. Katika mfano huu itagundua kwamba kuanzia 0 hadi 18 masharti yanatimizwa, na kuanzia 19 hadi 23 yanavunjwa.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali pa kosa. Mstari wa 2 ulitumika mara saba, kwa saa 0 hadi 6, na mara zote jibu lilikuwa sahihi. Mstari wa 1 ulitumika mara kumi na saba, nazo mara tano jibu lilikuwa baya. Tuhuma inauangukia mstari wa 1. Mashine hutoa alama za tuhuma kwa kila mstari namna hii, kama mganga anayebonyeza tumbo la mgonjwa kutafuta penye maumivu.

Hatua ya tatu ni kutunga mapendekezo ya rekebisho, ambayo mafundi wa programu huyaita viraka. Mashine hulinganisha hali ya mambo katika mwendo sahihi na hali yake katika mwendo mbaya. Inaona kwamba kila jibu linapokuwa baya, W imezidi 12, na kila linapokuwa sahihi, W haikuzidi 12. Basi inatunga viraka vinavyoanza na maneno “ikiwa W imezidi 12”, na kuvimalizia kwa njia tofauti. Kiraka A kinasema: ikiwa W imezidi 12, ifanye iwe 12. Kiraka B kinasema: ikiwa W imezidi 12, punguza 12.

Hatua ya nne ni kuhukumu. Kiraka A kinatimiza sharti la kwanza, kwa kuwa sasa hakuna jibu linalozidi 12. Lakini kwa saa 19 kinatoa 12, na 19 − 12 − 6 ni 1, ambayo haigawanyiki kwa 12. Kiraka A kinakataliwa. Kiraka B kinatoa 1 kwa saa 19, 2 kwa saa 20, na kuendelea hadi 5 kwa saa 23. Masharti yote mawili yanatimizwa.

Si lazima hukumu hiyo itolewe kwa kujaribu kila namba. Inaweza kutolewa kwa hoja. K ikiwa kati ya 19 na 23, mstari wa 1 unatoa W iliyo kati ya 13 na 17. Ikipunguzwa 12, inakuwa kati ya 1 na 5, hivyo sharti la kwanza limetimia. Tena W sasa ni K − 18, kwa hiyo K − W − 6 ni 12 daima, na sharti la pili limetimia. Zipo programu maalumu za kusuluhisha mantiki ambazo hutoa hoja za aina hii zenyewe, kwa mamilioni ya hatua kwa muda mfupi. Hizo ndizo zinazoiwezesha mashine kusema jambo juu ya namba zote kwa pamoja, hata pale ambapo kuzihesabu moja moja kungechukua karne nyingi.

Safari ya utafiti

Utafiti huu ulipata nguvu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Virginia na New Mexico nchini Marekani, miongoni mwao Westley Weimer na Stephanie Forrest, walitoa mfumo ulioitwa GenProg. Mfumo huo uliiga uteuzi wa asili unaofundishwa katika somo la baiolojia. Ulibadilisha mistari ya programu kwa kubahatisha, ukahifadhi nakala zilizofaulu majaribio mengi zaidi, ukazichanganya, na kurudia tena na tena. Moja ya hitilafu ulizozitengeneza ilikuwa maarufu. Tarehe 31 Desemba 2008, siku ya 366 ya mwaka mrefu, vyombo vya kuchezea muziki vya Zune vya GB 30 vya kampuni ya Microsoft vilikwama. Sehemu ya programu iliyohesabu tarehe ilifika siku ya 366, ikakosa agizo la kuifuata, ikaanza kuzunguka palepale bila kikomo.

Mwaka 2010 watafiti wa Zurich nchini Uswisi na wa Saarland nchini Ujerumani, wakiwamo Bertrand Meyer na Andreas Zeller, walitoa mfumo wa AutoFix, ambao ulitumia mikataba ya lugha ya Eiffel kwa njia inayofanana na ile iliyoelezwa juu. Taarifa yao ya mwaka 2014 ilisema kwamba kati ya hitilafu zaidi ya 200 walizoupa mfumo huo, uliweza kutengeneza asilimia 42, na kwamba nyingi katika marekebisho hayo zilifanana kwa ubora na kazi ya mwandishi wa programu aliye hodari.

Kiraka cha uongo

Hata hivyo, si mifumo yote iliyotegemea mikataba. Mingi ilitegemea majaribio tu: kiraka kilichofaulu majaribio yaliyokuwepo kilihesabiwa kuwa kizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Massachusetts Institute of Technology, wakiwamo Zichao Qi na Martin Rinard, walivichunguza upya viraka vilivyotangazwa vya mifumo mitatu ya aina hiyo, pamoja na GenProg. Waligundua kwamba sehemu kubwa sana ya viraka hivyo haikuwa sahihi. Vingi vilikuwa sawa na kuifuta tu kazi ambamo kosa lilionekana. Mashine ilikuwa imejifunza kwamba programu isiyofanya kitu haikosei.

Jambo hilo haliishangazi akili likitazamwa kwa mfano wa tiketi. Kama mkataba ungekuwa na sharti la kwanza peke yake, Kiraka A kingekubaliwa. Tiketi zote za kuanzia 19:00 hadi 23:00 zingechapwa saa 12, hakuna namba ya ajabu ambayo ingeonekana tena, na abiria wa saa nne usiku angefika uwanjani saa nne kabla ya wakati wake. Hitilafu ya kwanza ilikuwa na heri kuliko hii, kwa sababu saa 13 inamshtua kila anayeiona, lakini saa 12 haimshtui mtu.

Afrika Mashariki ina tukio linalolifundisha somo hili vizuri. Baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, ubao wa matokeo wa taifa ulionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000 wakati hesabu ingali inaendelea. Tume ya uchaguzi ilieleza baadaye kwamba hitilafu ya programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara 8. Hesabu ya mwisho ilitoa kura 108,975 zilizokataliwa katika nchi nzima. Ni sharti gani lingeinasa hitilafu hiyo mapema? Sharti kwamba kura zilizokataliwa zisizidi wapiga kura walioandikishwa lisingefaa, kwa kuwa walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 14. Sharti linalofaa ni jingine, nalo ni rahisi: jumla inayoonyeshwa katika ubao wa taifa iwe sawa kabisa na jumla ya hesabu zilizopokelewa kutoka vituoni. Mashine iliyopewa sharti la kwanza ingesema hakuna kosa. Iliyopewa la pili ingelikuta kosa katika ripoti ya kwanza yenye kura iliyokataliwa.

Yasiyowezekana kwa mashine

Fundi huyu mpya ana mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa hisabati yenyewe. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kuwa na utaratibu mmoja wa kuamua, kwa kila programu, kama itamaliza kazi yake au itazunguka milele. Kwa sababu hiyo hakuna mashine itakayoweza kuhukumu na kutengeneza kila programu. Zitakuwapo daima zile zitakazoishinda.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi katika maisha ya kila siku. Mashine haiwezi kujua walichosahau watu kukisema. Kigoma na Tanzania nzima hufuata wakati uliotangulia ule wa Greenwich kwa saa 3. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kalemie ya Kongo, Bujumbura ya Burundi na Mpulungu ya Zambia, wakati umetangulia kwa saa 2 tu. Safari iliyoandikwa 19:00 kwa saa ya Bujumbura itaingizwa katika programu iliyotengenezwa, nayo itachapa saa 1. Mkataba umetimizwa, hoja ni kamili, na anayemsubiri mgeni wake Kigoma kwa saa hiyo atakuwa amesoma vibaya, kwa maana kwake ni saa 2. Hakuna mstari wenye kosa. Kosa limo katika mkataba, ambao haukusema saa ni ya nchi gani.

Tena iwapo wanafunzi watataka tiketi iandikwe pia “alfajiri”, “asubuhi” au “usiku”, watakutana na jua la Kigoma. Mji huo uko magharibi ya Dar es Salaam kwa karibu digrii 10 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4, hivyo jua huchomoza huko kwa kuchelewa karibu dakika 40. Saa 12 ambayo Dar es Salaam kumeanza kupambazuka, Katubuka bado ni giza. Kama saa hiyo iitwe asubuhi au alfajiri ni shauri la watu, na ni lazima waliamue na kuliandika.

Tanzania iliyaonja matokeo ya kuwa na mashine kabla ya kuwa na maelezo yaliyo wazi. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kushindwa kufanya kazi iliyotarajiwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku yaliyokuja kulegezwa baadaye. Uhaba wa wataalamu wazalendo na mipango isiyolingana na kazi iliyokusudiwa vilikuwa miongoni mwa matatizo ya wakati ule. Kubadili mashine pekee kusingeyaondoa.

Siku hizi jambo hili limekuwa la haraka zaidi. Tangu mwanzo wa miaka ya 2020 zimeenea modeli kubwa za lugha zinazoandika programu na kutunga viraka kwa sekunde chache, kwa ufasaha unaomvutia msomaji. Kutunga viraka kumekuwa rahisi. Kuvihukumu ndiko kunakobaki kuwa kazi, na hakimu bora aliyepo ni mkataba ulioandikwa kwa uangalifu na mtu anayeijua shughuli yenyewe: karani wa tiketi, muuguzi, mhasibu, mvuvi.

Kazi ya darasani

Walimu wa hisabati wanaweza kuitumia mada hii hata katika shule isiyo na kompyuta, kwa kuwagawa wanafunzi katika makundi mawili: kundi moja liandike masharti, jingine litunge viraka.

1. Mwanafunzi mwingine ameandika programu yenye mstari mmoja: W ni baki ya K + 6 ikigawanywa kwa 12. Ni saa zipi mbili kati ya 24 zinazovunja mkataba, na ni sharti lipi linalovunjwa? Tunga kiraka, kisha thibitisha usahihi wake kwa hoja bila kujaribu saa zote.

2. Andika upya mkataba ili programu iweze kumfaa abiria anayetoka Mpulungu kwenda Kigoma. Ni kitu gani cha pili ambacho ni lazima kiingizwe pamoja na K?

3. Chagua shughuli moja ya nyumbani au sokoni, kama vile kupima dagaa kwa kisado au kugawa fedha za upatu. Andika masharti mawili ya baada. Kisha mpe mwenzako ajaribu kutunga njia ya udanganyifu inayoyatimiza masharti hayo yote mawili. Akifanikiwa, ongeza sharti la tatu.